Kadi Isiyo na Picha

Jumatatu, 4 Machi

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyo, na humu hasomi mtu zaidi yangu. Katika mtaa huu wote — mabati yote haya, na lile ghorofa la daktari wa meno likiwemo — serikali imepiga kura kwa kompyuta, na nani katoka? Kinyozi! Nyumba yangu! Wanauita utafiti wa kaya. Wanataka kujua nani kaenda shule, aliishia wapi, nani anajua kusoma na nani hajui. Wanachukua nyumba chache tu kila mtaa, na hizo chache zinasemea nchi nzima. Yaani kesho nchi ni mimi.

Alikuja mchana dada mmoja kijana, viatu vyekundu kwa vumbi, kishikwambi kakikumbatia kama mtoto mchanga. Hapo hapo nikampa jina: Bi Kishikwambi. Alisimama nje anaitazama ile namba ya chaki ambayo wenzake waliiandika ukutani mwezi uliopita. Iko kati ya mlango wangu na mlango wa Mama Cherehani, jirani yangu anayeshona nguo. Akauliza kaya yenyewe ni ipi. Nikamwambia karibu dada, umefika, ndiyo hapa, keti, kiti hiki wamekikalia wabunge. (Mmoja. Na alikuwa mgombea tu, akashindwa.) Atarudi kesho jioni, tuwepo wote.

Bahati yangu haijaanza leo. Niliacha shule darasa la tano nikawa utingo wa malori, nikavuka mipaka minne, nikalala kwenye nchi ambazo walimu wanazionyesha kwa fimbo kwenye ramani tu. Mke nilipata mzuri kuliko sura yangu. Na juu ya yote hayo — Profesa! Binti yangu, kidato cha pili! Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuingia lango la sekondari isipokuwa mjomba, naye alikwenda kuzibua choo. Nilianza kumwita Profesa akiwa darasa la kwanza, sasa mtaa mzima unamwita hivyo hivyo. Nimemwambia kesho avae sare. Akasema, lakini baba, jioni? Nikamwambia vaa, tunaangaliwa na nchi.


Jumanne, 5 Machi

Hapana. Siwezi. Kesho.


Jumatano, 6 Machi

Nimefungua saluni, nimemnyoa mteja mmoja na kisogo chake nimekiacha upande huu juu, upande ule chini. Hakugundua. Amenishukuru! Sasa sina mtu, ngoja niandike, labda kitanitoka kifuani.

Jana Bi Kishikwambi alikuja kama alivyosema. Tulikaa chumba cha nyuma: mimi, mama watoto, Profesa ndani ya sare iliyopigwa pasi, na mgeni wetu. Maswali kibao. Maji mnateka wapi. Paa la nini. Halafu shule. Mama watoto hakuwahi kwenda. Mimi darasa la tano. Binti — nilimjibia kabla hajafungua mdomo — kidato cha pili! Nikarudia, kidato cha pili, dada, umeandika?

Ndipo akatoa kadi. Nyeupe, ngumu, sentensi moja tu katikati, maandishi makubwa. Akasema hii ni ya mama na baba. Mtu akisoma yote anaandikwa anajua, akikwama njiani anaandikwa anajua kidogo, akishindwa basi hajui. Nikauliza, na Profesa? Akasema yeye hapana. Mtu akishafika sekondari mashine inamruka, inamwandika yenyewe kwamba anajua kusoma. Utaratibu ndivyo ulivyo.

Hapo mdomo wangu ukaanza kazi yake. Dada, usitudhulumu! Umefika nyumba ya msomi unataka kusikiliza sauti ya kinyozi? Mpe asome! Mashine isipotaka shauri yake, wewe sikiliza kwa raha zako! Akasema hakuna haja. Nikang'ang'ania. Mama watoto akanivuta shati. Nikaendelea. Akanivuta tena, kwa nguvu. Nikadhani ananiambia nisimpigie mgeni kelele.

Akampa.

Binti akaishika kwa mikono miwili. Akaigeuza nyuma. Akairudisha mbele. Akauliza kwa sauti ndogo, haina picha? Bi Kishikwambi akasema haina. Basi binti akanyoosha mgongo, akasoma kwa ile sauti yake ya shuleni, safi, kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Mama anachota maji kisimani na watoto wanacheza uwanjani."

Nikapiga makofi! Peke yangu! Nikasema, umeona? Umeona mambo?

Bi Kishikwambi aliichukua kadi taratibu akanipa mimi, zamu yangu. Kadi ile ile. Imeandikwa: Mkulima alipalilia shamba lake kabla ya mvua kunyesha.

Hakuna mama. Hakuna kisima. Hakuna mtoto hata mmoja!

Niliisoma kwa sauti. Sijui kwa nini, mdomo ulikuwa umeshaanza. Nilipofika kwenye mvua nikainua macho. Binti alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mama watoto alikuwa anautazama ukuta. Na mimi nilikuwa na mikono ambayo bado inawasha kwa makofi.

Mgeni akabonyeza bonyeza. Baba: anajua. Mama: hajui. Kwa binti hakubonyeza kitu — mashine ilikwisha mruka zamani. Kwenye kishikwambi cha serikali binti yangu anajua kusoma, sawa sawa na mimi. Akatuaga, akakanyaga nje polepole kama mtu anayetoka nyumba ya msiba.


Alhamisi, 7 Machi

Leo nimemuuliza mama watoto, ulijua?

Akasema alijua tangu darasa la nne!

Anasema alikuwa akirudi zahanati na karatasi ya dawa anampa binti amsomee. Binti anaitazama, anasema, mama, wanasema umeze baada ya chakula. Siku moja kwa bahati mbaya akampa risiti ya umeme. Binti akaitazama, akasema, mama, wanasema umeze baada ya chakula.

Nikacheka. Halafu nikashindwa kumaliza kicheko.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia miaka yote hii? Akaendelea kukunja shuka za watu (anafua hospitali, nyingine anazileta nyumbani). Akasema: "Ningekuambia saa ngapi? Wewe ukianza kumsifu huyo mtoto huwa humalizi. Nilikuwa nangoja umalize."


Ijumaa, 8 Machi

Saluni imejaa. Redio inasema — na mimi wembe uko shingoni mwa dereva wa teksi — kwamba uandikishaji umepanda tena. Karibu kila mtoto yuko darasani. Sekondari wameongezeka mara mbili ya miaka kumi iliyopita. Halafu bwana mmoja mwenye sauti ya mafuta akasema, kwa furaha kabisa, kwamba kati ya vijana waliofika sekondari wanaojua kusoma ni mia kwa mia.

Mia kwa mia! Mmewauliza? Nilisema kwa sauti. Dereva akanishika mkono wenye wembe, akasema, kaka, zungumza na redio, lakini kwanza uniondolee hicho kitu kooni.

Wakacheka wote. Nikacheka. Fundi bomba akasema enzi zetu ndiyo hakukuwa na shule, siku hizi watoto wana raha, shule kila kona. Ni kweli! Mimi nilitembea mpaka nyayo zikawa kama tairi. Darasani kwetu tulitosha kwenye mikeka miwili. Na mwalimu wetu, yule mkali mwenye meno ya mbele tu, alikuwa na desturi moja: kila mtu anasimama peke yake na mstari wake. Hakuna kusaidiwa. Ukikosea unarudia, wenzako wanakutazama, jasho linakutoka. Nilimchukia. Nilipokuwa utingo nilikuwa nasoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti mpaka dereva anatishia kunishusha.

Darasa la tano! Na mimi ndiye ninayejua!

Ukutani juu ya kioo nimebandika ukurasa wa daftari la Profesa, wa mwaka jana. Mwandiko mzuri mpaka wateja wanauliza ni wa nani. Leo nimeutazama siku nzima.


Jumapili, 10 Machi

Saluni imefungwa. Nimeongea na binti. Tulikaa kwenye viti vya kunyolea, yeye kimoja mimi kimoja, tunaongea kupitia kioo kwa sababu uso kwa uso tulikuwa hatuwezi.

Nikamwambia nieleze, sikupigi, sikugombi. Nikamwambia nitajinyoa nusu ya kichwa nitembee hivyo mpaka sokoni usipoongea. Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akaongea.

Anasema darasa la kwanza walikuwa wengi hata wengine wanakaa dirishani. Mwalimu anasoma, wao wanaitikia. Mwalimu anasoma, wao wanaitikia. Yeye alikuwa na sauti kubwa na kumbukumbu nzuri, akafanywa kiongozi wa kuitikia. Akishakisikia kitabu mara mbili kiko kichwani chote, na ukimwonyesha picha anajua ni ukurasa gani. Vitabu vilikuwa vichache, wanakizunguka kimoja kundi zima. Yeye mara zote alikaa upande wa juu.

Upande wa juu wa nini?

"Wa kitabu, baba. Nilikuwa nakiona kichwa chini miguu juu."

Miaka! Mtoto ameona herufi zimesimama kwa vichwa vyao miaka!

Na mitihani je? Anasema ni kuchagua A au B au C au D, hizo anazijua, unaweka kivuli. Wengine wanabahatisha, wengine wanachungulia, kuna mwaka mwalimu mwenyewe alipita akigusa madawati kuwaonyesha majibu. Kidato cha kwanza mambo yakawa magumu lakini wanaandika kutoka ubaoni, na yeye anaandika vizuri kuliko wote.

Nikamwonyesha ukurasa ule ukutani. Je, huu? Umeandika nini hapa?

Akautazama muda mrefu. "Sijui, baba. Nilichora."

Nilichora! Nimekaa chini ya ule ukurasa mwaka mzima nikiwaonyesha watu kama picha ya rais.

Akasema aibu inamuua. Ya nini yule dada alikuja kwetu, nyumba zote hizi, kwa nini sisi? Mimi ningefanyaje? Nikamwambia sikiliza mwanangu, hili si la kwako wala la kwangu. Ni kura. Kompyuta imetia mkono gizani ikatutoa sisi. Ingeweza kumtoa mtoto wa daktari wa meno. Akauliza, kweli tulichaguliwa? Nikasema kabisa! Akafuta uso. Akasema, basi ni sawa.

Nimebandua ukurasa. Halafu nikaona ukuta una alama ya mraba mahali ulipokuwa, nikaurudisha.


Jumatatu, 11 Machi

Nilivaa suruali ya harusi nikaenda shuleni. Mkuu wa shule ni mteja wangu, ninamjua kichwa chake chote mpaka kovu la nyuma. Ofisi nzuri, ukutani michoro ya mistari inayopanda: wanafunzi wanapanda, wanaovuka darasa nao wanapanda. Hakuna mstari hata mmoja unaoshuka.

Nikamwambia, mwalimu, naomba kumshusha mwanangu. Arudi hata darasa la tatu ajifunze kusoma. Akadhani natania, kwa sababu huwa natania. Akacheka. Nikangoja amalize. Akaona sicheki.

Akasema, mzee, hatushushi. Sera ni kuvuka, kila mwaka, wote. Na kidato cha pili mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa, huo si wa kuchagua herufi, ni wa kuandika. Atakayeshindwa atatafutiwa ufundi mahali pengine. Mahali gani? Akasema mahali pengine.

Nikasema nipe mwalimu wa kumsaidia saa moja tu kwa siku. Yeye mmoja tu.

Hapo akainuka akafunga mlango. Akanena chini chini, na ile sauti ya ofisi ikamtoka, akaongea kama anavyoongea kwenye kiti changu. "Fundi. Nikimtoa mmoja kwa sababu hajui kusoma, kidato cha pili nitabaki na nani?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia rudia. Hakurudia. Alifungua mlango, akaongea tena kwa sauti ya ofisi, akasema karibu sana mzazi.

Nimetembea mpaka nyumbani nimeacha kofia yangu kwake. Sijaifuata.


Alhamisi, 14 Machi

Tumeanza wenyewe, mimi na binti. Alfajiri kabla ya wateja, kabla hajaenda shule. Ubao sina. Nina kioo kirefu na nina povu la kunyolea. Naandika kwa povu, anasoma, nafuta kwa taulo la moto. Kioo hakijawahi kuwa safi namna hii.

Nafundisha kama yule mkali wa meno ya mbele: peke yake, kwa miguu yake, hakuna kuitikia. Tabu ni kumbukumbu yake! Nikiandika maneno na kuyasema hata mara moja tu, anayashika yote kwa mpangilio. Ananisomea vizuri mpaka nafurahi, kisha nabadilisha mpangilio na kumbe alikuwa hasomi, alikuwa anaimba. Sasa simsomei kabisa. Naandika nanyamaza. Mimi, kunyamaza! Mama watoto ametoka chumbani kuja kuhakikisha kama mimi ni mzima.

Jana alikasirika akarusha taulo. Akasema, mimi ni mkubwa, baba, nina miaka kumi na sita, nasoma ba be bi! Nikamwambia mimi utingo mwenzangu alikuwa na mvi, nilimfundisha kusoma kwa vibao vya hatari, neno lake la kwanza lilikuwa KONA. Tangu hapo hajaanguka tena kwenye lori.

Leo alichukua chupa ya dawa ya ndevu mwenyewe, sikumwambia. Akaishika, midomo inacheza. Ti. Ki. Sa. Akasimama. Tikisa. Tikisa! "Baba, imeandikwa tikisa!" Akaitikisa mpaka kifuniko kikaruka na dawa ikamwagika yote kwenye shati langu jeupe.

Sijafua. Nimelivaa siku nzima hivyo hivyo, nanukia kama bwana harusi.


Jumamosi, 16 Machi

Sijui nianzie wapi. Alfajiri binti kaja na wenzake watatu wa darasa lake. Wamesimama mlangoni wamejipanga. Nikauliza nyie mnataka nini? Mmoja akasema tumekuja kunyolewa. Amesukwa nywele mpaka kiunoni!

Nikawatazama. Mmoja ni kiranja wa darasa. Mwingine ni mjukuu wa Mama Cherehani, hapa hapa mlango wa pili, nimemwona akienda shule na begi kubwa tangu ana jino moja. Huyo ndiye huwa anamwandikia bibi yake vipimo vya wateja. Nikamwuliza, sasa vipimo je? Akasema bibi anavitaja, yeye anachora mistari mirefu na mifupi, kisha wanakumbuka wote wawili.

Kioo hakitoshi. Nimewaweka wawili kwenye viti, wawili kwenye benchi la wateja. Kila mmoja anasimama na mstari wake. Kiranja nimemshika bega kwanza. Ametamka neno moja. Wenzake wakataka kumpigia makofi, nikawakataza. Makofi sitaki kuyasikia, nimekwisha yapiga ya kutosha.

Nikawauliza polepole, darasani mko wangapi hivi? Wakaangaliana. Mjukuu wa Mama Cherehani akasema, uliza nani anajua, itakuwa rahisi kuhesabu.


Jumatatu, 18 Machi

Bi Kishikwambi kapita. Hakuja kunyoa, hakuja kuuliza. Alikuja tu. Anasema tangu siku ile halali vizuri; kila akifika nyumba yenye mtoto wa sekondari na mashine ikaruka, anaikumbuka kadi mikononi mwa binti yangu. Nikamwonyesha kioo, bado kilikuwa na povu la asubuhi. Akakisoma chote kwa sauti, akainama.

Anasema keshokutwa msimamizi wake atakuja kuhakiki. Ndiyo kawaida yao, nyumba chache zinarudiwa kuona kama majibu ni yale yale. Yetu imo. Nikauliza, anaweza kubadilisha? Akasema ile ya kuruka hawezi, lakini kuna nafasi chini ya kuandika maelezo, na msimamizi ana mdomo makao makuu. Akisikia kwa masikio yake ataandika. Akiandika, ataulizwa. Wakiulizwa huko, shule nazo zitaulizwa. Hakuahidi. Alisema tu.

Nilijua binti atakataa. Jioni nikamwambia nikiwa nimegeuka upande mwingine, nafagia nywele. Kwamba atoke mbele ya mtu mkubwa wa serikali ashindwe kusoma. Makusudi. Ili iandikwe.

Akasema: "Nitasoma nitakapofikia. Nikikwama aandike nimekwama."

Nikamwuliza, hutaona haya? Akasema ataona. "Lakini si wewe ulisema? Nyumba chache zinasemea nchi. Kama tumechaguliwa, baba, basi tuseme."

Mama watoto aliacha kukunja shuka. Mimi nilikwenda nje nikajifanya naangalia kama kuna mvua.


Jumatano, 20 Machi

Naandika nimesimama, kaunta, kalamu ya risasi. Wote wako hapa.

Msimamizi amekuja kweli. Mtu wa makamo, mpole, miwani ya kamba. Bi Kishikwambi nyuma yake. Binti na wenzake watatu waliomba ruhusa shuleni, wamepanga mstari mbele ya kioo na sare zao. Binti mbele. Alikuwa ameuma mdomo mpaka umekuwa mweupe, lakini alisimama wima. Nilifuta kiti. Nikasema karibu mzee.

Hakukaa. Alikiangalia kishikwambi chake, akatoka nje akaangalia namba ya chaki, akarudi. Akauliza, mkuu wa kaya ni nani? Nikasema mimi. Akasema hapa kaya iliyochaguliwa mkuu wake ni mwanamke, mjane, fundi wa kushona.

Mama Cherehani alikuwa mlangoni kwake na sindano mdomoni. Akaitoa. "Ndiye mimi! Nilikaa siku ile nikangoja mpaka nikachoka, nikadhani mmeniruka kwa uzee!"

Msimamizi akamgeukia Bi Kishikwambi. Akamwuliza, nani alikuambia ni huku?

Yule dada alinitazama. Sekunde moja tu. Kisha akasema, nilikosea mlango, mzee. Kosa langu.

Akamwambia watazungumza ofisini. Mimi akanipa mkono, akasema samahani sana ndugu, mahojiano yenu yatafutwa, hayahesabiki. Nikasema, mzee, hata hivyo wasikilize hawa watoto, dakika moja! Akawatazama wote wanne, akatabasamu, akasema wanafunzi wazuri, Mungu awasaidie, lakini siwezi kuandika wasiochaguliwa. Akaingia mlango wa pili. Bi Kishikwambi akamfuata bila kugeuka.

Ukuta ni mwembamba. Nasikia yote. Cherehani imezimwa. Maji mnateka wapi. Paa la nini. Na huyu mjukuu unayeishi naye? Mama Cherehani anasema kwa sauti ya kujivuna — naijua sauti hiyo, ni yangu — kidato cha pili! Msimamizi anasema vizuri, huyo basi, tuendelee.

Mjukuu mwenyewe yuko hapa kwenye kiti changu. Amesikia. Anatazama povu kwenye kioo.

Binti hajasogea pale mbele. Amegeuka tu. Ameniuliza, baba, yule dada atafukuzwa? Nikasema sijui. Akauliza, lakini alikosea yeye? Si ulisema tulichaguliwa?

Nimemwambia ngoja. Nimejifanya naandika hesabu ya wembe. Wananingoja wote wanne, na mama watoto amesimama kwenye pazia na shuka mkononi.

Nitamwambia. Naandika kwanza ili mdomo usipate pa kupita.

Hatukuchaguliwa. Sikuwa na bahati yoyote. Mwezi uliopita walipoandika ile namba nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikawasikia wakiuliza jina la Mama Cherehani, si langu. Yule dada alipouliza ni mlango upi nilijua si wangu, nikamwambia karibu.